Wa Mwisho Kuajiriwa Ndiye Huanza Kusema

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Afisa Usalama wetu anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kutuzuia tusianguke. Kwenye barua ana cheo kirefu. Huku vumbini tunamwita Shangazi, na hata mhandisi mkuu, mwenye mvi kumzidi, humwita hivyo bila aibu.

Alianzia stoo, akigawa kofia ngumu. Alipopandishwa cheo alipenda mabango, akabandika mengi mno, mgeni angedhani tunajenga jumba la karatasi. Kila asubuhi alituhutubia, nasi tulisinzia kwa heshima zote, macho wazi.

Asubuhi moja ya ukungu, mkono wa kreni ukielea juu yetu kama hauna mwili, alizungumzia majukwaa dakika ishirini nzima. Saa moja baadaye ubao wa jukwaa la ghorofa ya pili ukachomoka, fundi rangi akaanguka na kuvunjika nyonga. Saidia fundi mwenye siku tatu kazini akakiri kwamba ubao ule aliuona ukicheza tangu jana yake. Alipoulizwa mbona hakusema, alijibu kwa adabu kwamba hakupewa nafasi.

Shangazi hakumgombeza. Kesho yake alibandua nusu ya mabango na kugeuza utaratibu: aliyeajiriwa mwisho aanze kusema, na mhandisi mkuu amalizie, kama muda umebaki. Mara nyingi haukubaki. Fundi bomba mmoja aliripoti wiki nzima kwamba chai ni nyepesi, na Shangazi akaandika hata hilo. Wiki ya pili fundi huyohuyo akaripoti waya uliochubuka, umelala majini. Huu ni mwaka wa kumi na nne tangu utaratibu ugeuke, na hakuna tena aliyetoka kazini kwetu kwa machela.

Hofu yetu ilikuwa moja: je, akiondoka, kile kimya kitarudi? Nadhani naye ilimkosesha raha. Jumatano, kwenye kikao cha asubuhi, alikaa nyuma kabisa, juu ya mifuko ya saruji, mdomo kaufunga. Vumbi lilining'inia kwenye mwanga, nasi tukasimama kama watu wanaoota ndoto moja. Dakika ikapita. Kisha binti mpya wa kupiga lipu akasema, kwa sauti ya kuomba radhi, kwamba ngazi ya ghorofa ya tatu imelegea mguu. Mhandisi mkuu akasimamisha kazi papo hapo. Hakuna aliyegeuka kumtazama Shangazi, na hajawahi kuonekana mtu aliyefurahia kusahauliwa namna ile.

Asante, Shangazi, kwa masikio yako. Tunakuombea maisha mema, marefu, yenye asubuhi zisizo na haraka.