Tumebakiza Sura Mbili

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa kampuni yetu, Meneja wa kiwanda, mafundi wenzetu, na ninyi wageni mliobanana kule nyuma kwenye meza za pasi, poleni na joto:

MAKARIBISHO

Karibu, mgeni rasmi, karibu sana! Tunakusubiri tangu saa mbili asubuhi na hatujachoka hata kidogo, maana leo tuna furaha mbili. Ya kwanza ni ukumbi huu uliokuja kuuzindua, wenye madirisha pande zote na mwanga wa kumwezesha hata mwenye miwani kutunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza. Ya pili tutaisema mbele, tukiweza kujizuia mpaka tufike huko. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi humu ndani tuna mengi ya kuponywa.

HISTORIA YETU

Karakana hii ya mashati ya shule ilianza na vyerehani kumi na viwili. Leo tuko mafundi sabini na watano. Tangu mwanzo tuna desturi ambayo hatujaisikia kwingine: mmoja wetu husoma kitabu kwa sauti huku wengine wakishona, na mashati yake ya siku hiyo tunagawana na kumshonea. Msomaji wetu mkuu ni mkata vitambaa tunayemwita Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote humu, lakini hakuna anayethubutu kumwita vingine. Sheria ya kusoma ni moja tu, kwamba hairuhusiwi kutangulia. Anayechungulia sura ya mbele anafagia karakana wiki nzima, na walishafagia wengi.

Tumesoma vitabu kumi na tisa. Cha ishirini ni riwaya ya enzi za ukoloni, na hicho, mgeni rasmi, kilitutoa roho. Kuna kijana, mkalimani wa boma, mzaliwa wa pale pale. Wanaume wa kijiji wamekataa kulima pamba ya lazima. Bwana mkubwa anamwambia mkalimani aandike majina ya vinara, la sivyo nyumba zote zitachomwa. Mama yake anamwambia, "Ukiandika, usiniite mama tena." Mkwewe anamwambia, "Usipoandika, wajukuu zangu watalala wapi?"

Karakana ikagawanyika pande mbili! Mafundi wa kola walisema asiandike, liwalo na liwe. Mafundi wa mikono ya mashati walisema mtu mwenye watoto hana ubavu huo.

"Mimi ningekufa kuliko kumtaja ndugu yangu," alisema fundi mmoja wa kola.

"Wewe? Wewe unayejifungia chooni mwenye nyumba akibisha hodi?"

Tulicheka mpaka Shangazi akafunga kitabu akasubiri tutulie. Mkalimani aliandika, mgeni rasmi. Aliandika majina manne. Kijiji kikamgeuzia kisogo, na mama yake alipofariki hakuna aliyekuja kushika jembe, akachimba kaburi peke yake. Siku hiyo tulilia, kola na mikono pamoja, tukawalaani wanakijiji wale kwa roho mbaya.

MAFANIKIO

Oda zote za mwaka jana zilitoka kwa wakati. Wenzetu watatu wasiojua kusoma wamejua, mmoja wao akiwa Babu Pasi, mzee wetu wa kupiga pasi, ambaye sasa anasoma mpaka karatasi zinazofungiwa vifungo na kutusahihisha tukikosea. Na hakuna aliyewahi kuomba kuhamishwa kutoka karakana hii.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa hatutaficha. Shangazi alipofika pale mkalimani anaposimama barazani kutafsiri kesi ya shemeji yake, sote tulikuwa tunamtazama mdomo wake na si mikono yetu. Mashati arobaini na sita yalitoka na mifuko mgongoni. Kosa ni letu, na tuliyafumua na kuyashona upya siku ya mapumziko. Hata hivyo mengine mawili yalishafika shuleni, na tumesikia wanafunzi waliyapenda.

Barua ikaja kutoka ofisi kuu. Ilikuwa na sahihi, ambayo hatukuitazama sana. Ilisema usomaji ukome, kitabu kichukuliwe, na msimamizi wetu aandike majina matatu ya wahusika wakuu, la sivyo karakana nzima isimamishwe kazi. Msimamizi wetu ni yule tunayemwita Bwana Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haitoki shingoni mwake hata siku ya harusi. Aliandika. Alimwandika Shangazi, akamwandika Babu Pasi, akamwandika Mama Vifungo, mjane anayeshona vifungo na ndiye anayeuliza maswali kuliko wote. Sasa ni wiki ya saba wako nyumbani.

Na sisi tukafanya nini? Tulimnunia. Hatukuitikia salamu yake. Chai ilipokuja tulimimina mpaka birika likakauka, akabaki na kikombe mkononi. Mke wake akajifungua mtoto wa kike, na kati yetu sabini na wawili hakuna mguu uliokanyaga kwake kutoa hongera. Alirudi kazini siku ya tatu, akaketi mezani kwake, wala hakutuambia jina la mtoto, kwa sababu hatukuuliza.

Ni fundi wa mikono ya mashati aliyesimamisha cherehani chake akasema, "Jamani, si sisi tuliowalaani wale wanakijiji?" Nyani haoni kundule, mgeni rasmi, utuwie radhi kwa lugha hiyo. Tulikuwa tumelilia kaburi la kwenye kitabu, na mtoto wa mwenzetu tumeshindwa kumpokea.

Jioni ile tulikwenda kwake sote, tukajaa mpaka nje ya mlango. Mkewe alitutazama kwa muda mrefu kabla ya kusema karibuni. Tulimuuliza Bwana Futi kwa nini wale watatu. Akasema, "Niliwaza, mzee, mjane, na mama aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, hao watahurumiwa. Nikakosea. Na niliogopa, sitawadanganya." Hatukumwambia kuwa alifanya vizuri, kwa maana hakufanya vizuri. Tulimwomba tumbebe mtoto.

Hatusemi, mgeni rasmi, kwamba ofisi kuu ni boma. Hasha! Mkoloni alishakwenda zake, na wewe ni mwenzetu. Tunasema tu kwamba kitabu kile kinamjua mtu vizuri sana.

MAOMBI

Sasa furaha yetu ya pili, maana imetushinda kuishika. Tumesikia kwamba kitabu chetu hakikutupwa. Kimeonekana kwenye kiti cha nyuma cha gari lako, na kimewekwa alama karibu kabisa na mwisho! Aliyetuambia hatutamtaja, kwani kutaja majina kumetutosha. Mgeni rasmi, kwa hiyo unakisoma? Umefika pale kwenye daraja? Usituambie! Tumebakiza sura mbili na hakuna anayejua mkalimani anaishia wapi. Tunaomba ukimaliza utupe, na kama umetutangulia, ufagio uko nyuma ya mlango.

Tunaomba pia asiagizwe tena mtu yeyote wa karakana hii kuandika majina ya wenzake. Shati likiharibika, sisi sote tutalifumua.

Ombi kubwa tumeliacha mwisho, nalo linahitaji maelezo. Anayekusomea risala hii ni Bwana Futi mwenyewe. Hakuiandika yeye. Tuliiandika sisi, tukampa jana, tukamwambia ana hiari ya kukataa. Aliuliza kama anaweza kuruka sehemu inayomhusu. Tukasema hapana. Akasema, "Haya, nitasoma yote." Kama sauti yake ilikwama mahali, ndiyo sababu.

Majina yale matatu aliyaandika ofisini, mlango umefungwa. Leo tumemwomba ayataje mbele yako na mbele ya watu wote, akuombe yarudi kazini: Shangazi. Babu Pasi. Mama Vifungo.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa watoto wako, na akuepushe na siku ya kuchagua kama aliyochagua msomaji wa risala hii.

Ni sisi, mafundi wa Karakana ya Mashati, sabini na wawili tulioko hapa, na watatu wanaosubiri jibu lako nyumbani.