Kitambaa cha Mama Athanasie

Papa Munyaneza, mwendeshaji wa ordinatere, ile kompyuta ya kampuni yetu ya kahawa, anaingia pansioni leo, tarehe 30 Juni 1990, baada ya miaka kumi na minane ya kazi. Mashine yake inaondoka pia: kesho inapakiwa kwenye kamyo, inauzwa Bunagana kama chuma.

Alianza mwaka wa 1972 akipima magunia, mutu wa Kalengera aliyejifundisha mwenyewe kupiga taipu. Ordinatere ilipofika mwaka wa 1975, ilitafutwa mikono isiyoiogopa, ikapatikana ya kwake. Muuzaji alisema itadumu miaka saba. Imekula kumi na mitano, na tangu mwaka wa nane haijatoka Kinshasa hata parafujo moja. Kila barua tuliyoandika ilijibiwa: "Muvumilie." Sisi tulivumilia. Yeye alitengeneza.

Asubuhi za baridi mashine iligoma mpaka chumba kipate joto, basi aliwahi na mbabula ya makaa. Tukipita mlangoni tulimtania: "Papa, bibi mudogo ameamuka?" Naye: "Ameamuka, lakini anakohoa."

Utani huo ulimfikia mke wake, Mama Athanasie, fundi wa kushona. Mwaka wa 1977, vumbi jeusi la volkano lilipoingia hadi ndani ya mashine, alikuja ofisini na futi shingoni, akaipima mbele yetu sote. "Kama ni muke mwenzangu, nitamuvalisha miye mwenyewe. Lakini muone kile kiuno!" Akashona kifuniko kwa kitenge chake cha harusi. Na siku mukanda wa printa ulipokatika, alitoa ule wa cherehani yake, akashona kwa mkono majuma matatu akingoja mwingine.

Mama Athanasie alitutoka mwaka wa 1986. Toka hapo Papa Munyaneza hakumwachia mtu mwingine kukunja kile kitambaa.

Kwa kuagwa hakuomba saa ya ukutani wala redio. Aliomba kitambaa. Wakubwa walijibu kwamba kimeandikwa kwenye daftari la mali pamoja na mashine, kitauzwa pamoja nayo. Alisema, "Sawa, chef," akarudi kuipangusa mashine inayouzwa.

Sasa, mwenye kuandika haya ndiye mkuu wa depo, na kanuni za kampuni hii anazijua. Kitambaa huhesabiwa miaka mitatu, kisha hufutwa daftarini. Hiki kina kumi na mitatu. Kimefutwa jana, saini na muhuri vipo, na kilichofutwa hakiuzwi.

Kiko ndani ya karatasi ya kaki, chini ya kiti chako, Papa. Asante kwa mikono yako. Tunakutakia maisha marefu, na asubuhi za kulala mpaka jua likuamshe. Usikifungue hapa, kifungue nyumbani. Hakuna aliyekikunjua. Kimekaa vile ulivyokikunja wewe.