Nani Alitoa Amri: Maisha ya Profesa Herminia Sumagaysay Palmares, 1956–2024

Ndugu, majirani, wanafunzi, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutusaidia kumsindikiza: dada yetu Herminia alizaliwa hapa Midsayap, mkoa wa Cotabato, tarehe 14 Agosti 1956. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Honorato Sumagaysay na mama Perpetua, wakulima wa mpunga waliohamia huku kutoka Iloilo. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alianza kubishana kabla hajakatwa kitovu. Mdogo wake Rogaciano, anayewasomea wasifu huu, hana la kumkanusha mama.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari kwa masista, ambao walimtoa darasani mara nyingi kwa maswali yake na kumrudisha kwa sababu walimkumbuka. Mwaka 1977 alihitimu ualimu mjini Cotabato, akarudi kufundisha historia.

Aliolewa tarehe 8 Februari 1986, watu wakiwa wameshakata tamaa. Bwana harusi, Crisanto Palmares, alikuwa ofisa wa jeshi mpole kupita kiasi, aliyekuja kuposa na kapu la samaki akiwa amesahau pete. Mwaka uliofuata walimpata binti yao wa pekee, Marife, ambaye mama yake alimwita Inday. Nyumba yao ilikuwa ya kelele na vicheko, na Herminia alimpenda mumewe waziwazi, mbele ya watu, bila kuona haya.

Tarehe 21 Juni 1997, Kapteni Crisanto aliuawa kwenye kivuko kimoja cha mto Pulangi. Askari walionusurika walisema alikuwa ameshuka garini kumsaidia bibi mmoja kuvusha mbuzi, na risasi za waasi zikatoka ng'ambo. Marife alikuwa na miaka tisa. Kwenye mazishi Herminia hakulia, na hilo lilitutia hofu kuliko kilio.

Miaka miwili baadaye alifunga sanduku kwenda Manila kusoma shahada ya uzamili ya uongozi na usalama katika nchi zinazoendelea. Mtaa mzima ulimshangaa.

"Manang, unataka kuwa askari uzeeni?" mdogo wake alimuuliza, kwa jina letu la kumwita dada mkubwa.

"Nataka kujua nani alitoa amri, Toto. Na kijana mwenye mama yake nyumbani aliitii kwa nini. Wewe nilindie mwanangu, na usimfundishe kucheza karata."

Swali hilo lilimpatia shahada ya uzamili, na mwaka 2006 likampatia uzamivu. Kitabu chake kuhusu utii wa amri kinasomwa hadi leo. Mwaka uliofuata alianzisha masomo hayohayo katika chuo kikuu kimoja cha Davao, akayasimamia mpaka alipostaafu. Darasani mwake walikaa mameja, mameya, mapadri, maofisa wa wizara na watu waliotoka msituni juzi, na alikataza kabisa kutaja vyeo. Kuna kanali, yupo hapa na atanisamehe, aliyekwenda kutetea tasnifu yake akiwa na nguruwe mzima wa kuchoma, kwa ile desturi yetu ya kuwalisha watahini.

"Kanali," Herminia alimwambia, "miaka miwili unasoma uongozi wa jamii mchanganyiko, halafu unamletea mtahini wako, Ustadhi Alim, nguruwe?"

Nguruwe alikwenda kwa walinzi wa getini. Watahini walikula ndizi za kuchemsha, na kanali alifaulu.

Mwaka 2015, baada ya mkataba wa amani kati ya serikali na waasi, aliingia mwanafunzi aitwaye Badrudin Sangkupan, Mmaguindanao, kabila la Waislamu wa huku kwetu, mpiganaji wa zamani, mtaratibu, mwenye kalamu nzuri. Siku ya kueleza anachotaka kutafiti, alisema angependa kuandika kuhusu vijana na amri, kwa kuwa yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa aliamriwa kufyatua risasi kivukoni, na aliyeanguka alikuwa ofisa aliyekuwa akimvusha mbuzi wa bibi mmoja. Herminia alimsikiliza hadi mwisho. Alimsahihishia marejeo mawili, akaaga darasa, akarudi nyumbani, na kwa wiki nzima hakutoka.

Badrudin alimfuata. "Madamu, nimekosa nini?"

"Yule ofisa alikuwa mume wangu."

Alimkabidhi kwa msimamizi mwingine, asije mtu akasema amemwangusha kwa kisasi au amempandisha kwa huruma. Badrudin naye alikwenda kwa wazee wake. Ndipo Aprili 2016 wakaja nyumbani kwa Herminia kwa desturi yao ya kusuluhisha damu: wazee bila silaha, ng'ombe mmoja, na wapishi wao, ili pande mbili zile pamoja na kuanzia siku hiyo ziwe ndugu.

Herminia alikuwa ameiandika desturi hiyo kwa miaka mingi. Alishahudhuria suluhu nyingi za watu kuliko padri alivyohudhuria harusi. Basi wazee walipokwisha kukaa mkekani, aliweka kinasa sauti katikati yao, akafungua daftari. "Bapa, kwa ajili ya kumbukumbu, naomba jina lako na nafasi yako katika ukoo."

Mzee wao, Bapa Usman, alikizima kile kinasa sauti kwa kidole kimoja. "Mwalimu, leo huulizi maswali. Leo wewe ndiye mfiwa."

Hapo dada yetu alilia. Alilia kilio cha miaka kumi na tisa, na wazee wakakaa naye mpaka akamaliza. Kisha akala nao.

Marife hakula. Alikuwa tayari muuguzi, mtu mzima, na alitokea mlango wa jikoni. "Mle naye nyie. Baba hakuulizwa kama anasamehe." Tangu siku hiyo Badrudin akija, Marife huondoka. Herminia aliumia sana kwa jambo hilo, lakini hakumshurutisha. Alimwambia tu, "Sikuombi umpende, Inday. Naomba kabla sijafa nikae meza moja na nyinyi wawili."

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Marife aliacha kazi Davao akarudi kumuuguza, na hakuna binti aliyemuuguza mama vizuri zaidi. Alipozidiwa Februari mwaka huu, Badrudin alikuja, akamkuta Marife amesimama mlangoni. Yanayofuata yanasemwa hapa kwa ombi la Badrudin mwenyewe.

"Mama ameuliza dunia nzima," Marife alisema, "wewe akakuhurumia. Mimi nakuuliza. Nani alitoa amri?"

Badrudin akajibu, "Hakuna. Kamanda alikuwa mbali. Niliona sare, nikaogopa, nikapiga. Wenzangu nikawaambia tumeamriwa. Nimesema hivyo mpaka nikaamini."

Tulidhani Marife atamzaba kofi. Kutoka chumbani ikasikika sauti dhaifu ya profesa, maana nyumba ile ni ya mbao na masikio yake hayakuugua kamwe: "Basi sura ya tano ya kitabu changu, isemayo hakuna risasi bila amri, ina kosa. Mleteni huyo mtu ndani, nina maswali."

Marife akasogea kando. "Ingia. Vua viatu. Na umechelewa, uji umepoa."

Wakala watatu mezani, uji wa mchele na samaki mkavu. Herminia alifariki tarehe 3 Machi 2024, alfajiri, mkono mmoja ukiwa kwa Marife na mwingine kwa Badrudin.

Ameacha mdogo wake Rogaciano, wifi, wapwa saba, na wanafunzi wasiohesabika. Kwenye rasimu ya karatasi mliyoshika tuliandika: binti mmoja, Marife. Marife aliisoma, akachukua kalamu, akaandika kwa mkono wake chini ya jina lake: na kaka yangu, Badrudin.

Manang, kipindi kimekwisha. Mungu akupumzishe.