Ruta ya Tatu

Muuguzi alikuwa anatoka zamu, macho mazito, amekaa nyuma ya mama mmoja aliyepakata boksi la ruta mpya ya intaneti. Alisikia yote bila kukusudia, maana behewa la treni halina pazia.

"Hii ni ya tatu, mwanangu," mama alimwambia jirani yake wa kiti, mwanamume mwenye shati lililoandikwa "fundi mitandao" mgongoni. "Niambie kweli, ni imara? Mbili za kwanza zimenitesa."

Fundi akauliza huwa anaiweka wapi.

"Juu ya friji."

"Itoe hapo, mama. Iweke mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Hata ya bei kali haishindani na ukuta mnene."

Muuguzi, ambaye yake aliificha nyuma ya televisheni, akatega sikio vizuri.

"Na inakatika wakati gani hasa?" fundi akaendelea.

"Binti yangu akipiga simu ya video kutoka huko aliko. Nikimuuliza tu atarudi lini, picha inaganda, halafu kimya."

"Wengine wakikupigia?"

"Aa, na mdogo wangu tunaongea mpaka simu inachemka."

Fundi akashusha sauti. "Labda tatizo liko upande wake, mama."

"Basi nimnunulie na yeye?"

Treni ikasimama. Fundi akaaga haraka, akashuka. Mama akageuka nyuma, akamuuliza muuguzi swali lile lile: amnunulie binti yake ruta? Muuguzi, aliyebakiwa na vituo viwili kufika kwake, alichukua mkoba wake akashuka pia.