Clémence Aliyetuambia Tulipe

Baba padri, mapapa na mamaman mliofika, majirani, akina mama wa soko, na ninyi wakubwa mliokaa kwenye viti vya mbele, mimi ni Agathe, dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu mama yetu hana nguvu ya kusimama, na nitayasoma jinsi yalivyokuwa.

Clémence M'Rubambura alizaliwa Luhwindja, teritware ya Mwenga, tarehe 4 Machi 1981, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu papa Rubambura, mchimba dhahabu, na maman Nabintu, mkulima wa mihogo na maharagwe. Baba alichimba Luhwindja, akachimba Kamituga, akachimba mpaka kifua kikamshinda, na nyumba aliyotuachia ilikuwa ya udongo.

Masomo ya msingi aliyafanya Luhwindja kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha akaja hapa Bukavu kwa shangazi yetu kuanza sekondari, akakatishwa na vita Oktoba 1996, akakaa nyumbani miaka miwili akilima, akarudi darasani na watoto waliokuwa wadogo kuliko yeye, wakimwita maman, naye akiitika bila kukasirika, na mwaka 2002 akapata diploma ya serikali katika ualimu.

Septemba 2002 alianza kufundisha darasa la nne la msingi. Serikali haikuwahi kumweka kwenye orodha ya mishahara, waliomlipa ni wazazi wa watoto, na mzazi asipokuwa na kitu mwalimu naye alikuwa hana kitu, kwa hiyo mwaka 2005 aliacha chaki, akaanza kuuza ndagala na makayabo, samaki wakavu na wa chumvi, katika soko letu dogo hapa Nyalukemba, karibu na meza yangu ya unga. Kila asubuhi alikata tiketi ya soko, yaani kodi ya siku, kabla ya kufungua gunia, hakumkwepa mtoza kodi hata siku moja, wakati sisi wengine tukimwona kwa mbali tulikuwa tunabeba beseni na kukimbilia vichochoroni, na maman Bijou, muuza mafuta ya mawese, alikuwa akimtania kwamba angeolewa na huyo mtoza kodi, wangeelewana.

Hakuolewa na mtoza kodi. Aliolewa na Cédric, fundi wa magari, aliyeketi hapa kando ya sanduku, baada ya ng'ombe wa mahari kufika kwa wajomba, wakafunga ndoa ya serikali na ya kanisa Jumamosi tarehe 19 Agosti 2006, na Mungu akawapa watoto watatu, Elodie aliyezaliwa 2007, Gloire wa 2010 na Akili wa 2015. Walijenga nyumba ya mbao kwenye mteremko, kama wengi wetu, kwa sababu mbao ndizo tulizoweza kununua.

Sasa nafika kwenye mambo ambayo baadhi yenu mngependa niyaruke.

Aprili 2021, baada ya moto kumaliza nyumba za upande wa pili wa bonde, walikuja watu wa ofisi moja ya jimbo, sitaitaja jina, wenyewe wamo humu na wanajijua, wakatukusanya akina mama wa soko, wakasema bajeti ya jimbo imeweka gari la kuzima moto lakini bajeti peke yake haitoshi, kwa hiyo kila tiketi ya asubuhi itaongezewa kidogo kwa ajili ya hilo gari. Tulikataa. Maman Bijou aliwauliza kama barabara ya Kamituga, ambayo watu wanailipia kwenye kila kizuizi na magari yanalala kwenye matope, nayo iliongezewa kidogo. Wale watu walianza kukunja makaratasi yao, na hapo Clémence akasimama akasema, "Bamama, tulipe. Mutu mwenye kulipa iko na haki ya kuuliza, asiyelipa anyamaze tu." Tulimsikiliza kwa sababu alikuwa mwalimu, na kwa sababu alikuwa hasemi uongo. Tukalipa.

Tulilipa miaka miwili bila kuona gari. Kila mwaka bajeti ya jimbo iliposomwa redioni gari lilikuwemo, kana kwamba ni ndoo ambayo mtu ananunua, anaipoteza, ananunua tena, na lilisomwa pamoja na safari za wakubwa, viti vya ofisi na magari mengine ambayo hayakuchelewa hata kidogo. Juni 2023 gari likafika, jekundu, limefungwa utepe, hotuba zikatolewa, sisi akina mama tukapewa vitenge na kuambiwa tucheze, na kila mmoja akapewa namba ya simu ya kupiga moto ukitokea. Maman Bijou alilizunguka mara moja, akagonga tangi kwa mkono, akasema, "Hii iko na rangi mingi kuliko maji." Clémence hakucheka, aliihifadhi ile namba.

Jumanne tarehe 13 Agosti mwaka huu wa 2024, saa tisa mchana, moto ulianza kwenye mbabula, jiko la makaa, katika nyumba ya juu kabisa ya mteremko wetu, upepo wa kiangazi ukaushika, na mabomba yalikuwa makavu tangu wiki iliyotangulia. Clémence alipiga ile namba, nilikuwa kando yake, simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, na mtu akamjibu kwa upole, "Maman, gari iko, ila mazutu ndiyo hakuna. Mukotize kidogo huko, mutume mutu alete, tunakuja."

Nisikilizeni vizuri hapa. Hatukumtukana yule mtu. Tumezoea kuchanga, kwa mwalimu, kwa muuguzi, kwa polisi anayekuja kuandika wizi, kwa hiyo Clémence alichukua beseni lake la ndagala, akalimwaga, akapita nalo mlango kwa mlango nyumba zikiwaka, na watu waliokuwa wanatoa magodoro walisimama wakatafuta noti mfukoni, na mimi nilitoa yangu, na mwendesha pikipiki akaondoka na pesa kununua hayo mafuta na kuyapeleka. Tulikuwa tunachangia mazutu ya gari tulilokwisha kulilipia, wakati moto unashuka.

Kisha alikwenda kusimama chini, pale njia inapogawanyika, ili gari likifika alionyeshe pa kupita. Nilimwita mara nyingi, Cédric alimwita, watoto walikuwa wamekwisha kufika barabarani wakiwa wazima. Alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, itakuja. Tulilipa."

Ukuta wa kibanda cha muuza esanse pale njiani ulimwangukia ukiwaka, pamoja na bidoni zake za petroli. Gari halikufika, wala siku hiyo wala siku iliyofuata, na mwendesha pikipiki alirudi akasema mazutu yalipokelewa.

Alilazwa hospitali siku hiyo hiyo, akateseka akijitambua, akauliza habari za shule ya Akili, na Jumatano tarehe 21 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akafariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Alhamisi ujumbe wa wakubwa ulifika nyumbani, ukamwambia Cédric kwamba jimbo litabeba mazishi yote, sanduku la vioo, gari, maua, na kwamba msemaji wao atasoma neno kabla ya familia. Cédric alisema ndiyo, simlaumu, mtu ambaye nyumba yake ni majivu anasema ndiyo kwa chochote. Ijumaa familia ilikaa, sanduku tukalirudisha. Hili mnaloliona limenunuliwa na likelemba ya akina mama, mchango wetu wa kupokezana, mwezi huu ilikuwa zamu ya Clémence kupokea, alitaka kununua mabati. Na msemaji wenu tumemwomba abaki ameketi. Magari sita yenu nimeyaona barabarani, yote yamepanda kilima, hakuna aliyetuomba mazutu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa dawa zilizokuwepo, majirani waliotoa maji kwa ndoo kutoka ziwani, mwendesha pikipiki aliyekwenda na kurudi, padri na kwaya, na akina mama wa soko, ambao jana jioni walikubaliana neno moja na wamenipa ruhusa ya kulisema hapa, kwamba tiketi ya gari la moto haitakatwa tena na yeyote kati yetu, mpaka gari lije lenyewe kwenye mteremko huu, na maji ndani, tuyaone yakimwagika. Mtu wa kutushawishi tulipe tunamzika sasa, mwingine hatuna.

Pumzika wewe kwa amani, Clémence, sisi Jumatatu tuko sokoni.