Mzee Klipu na Kanda Mia Mbili na Sita

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimwita Mzee Klipu. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa pili wa fundi seremala na mshonaji wa sare za shule. Mimi ni binti yake wa kwanza. Mama alitaka mdogo wangu asome wasifu huu. Nimeomba niusome mimi, ingawa uso sina pa kuuweka.

Alianza shule mwaka 1959, akamaliza kidato cha nne 1970. Hesabu zilimpiga chenga, lakini hakuna aliyemshinda kupiga mluzi, na viboko alivyopata kwa mluzi huo alivihesabu vizuri.

Mwaka 1977 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu.

Alifanya kazi studio ya picha hadi 1995, alipoajiriwa na kampuni ya televisheni ya kebo. Ilikuwa na chaneli tisa tu, na yeye akakabidhiwa ya muziki. Klipu, yaani video fupi za nyimbo, zilichezwa kutwa nzima, moja ikiisha inaingia nyingine. Wanamuziki wa mtaani hawakuwa na video, basi aliwapandisha juu ya paa la ofisi akawarekodi mbele ya shuka. Mama alilitafuta shuka lake wiki mbili, akaja kuliona kwenye televisheni nyuma ya mpiga gitaa, alama ya pasi ikionekana kabisa.

"Hilo si shuka langu?"

"Ni lako," Baba akasema. "Ila limeshakuwa staa, halirudi tena kitandani."

Mimi nami niliajiriwa kampuni hiyohiyo, na mwaka 2008 nilipandishwa cheo kuwa mkuu wa vipindi, bosi wa baba yangu mwenyewe. Watu walikuwa wameanza kutazama klipu kwenye kompyuta, nami nikapunguza muziki: saa sita kwa siku, kisha mbili, mwisho moja ya alfajiri. Mahali pake niliweka kipindi cha vijana waliofungiwa kwenye nyumba moja wagombane. Chaneli iliendelea kuitwa ya muziki. Kipindi kile kilihitaji kanda, na nilitia saini kanda zote mia mbili na sita za klipu alizorekodi Baba zifutwe, kipindi kirekodiwe juu yake. Kwenye moja alikuwemo shangazi, dada yake Baba aliyekuwa ameshafariki, akiimba. Nakala nyingine haikuwepo, na nilijua.

Baba aliponiuliza kanda zake ziko wapi, nilimjibu, "Ziko stoo, Baba, pakavu kabisa." Akashukuru.

Alistaafu 2012. Februari 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akauvumilia bila kumsumbua mtu. Mwezi wake wa mwisho wodini aliniomba kitu kimoja.

"Niletee kanda ya shangazi yako, nimsikie."

"Nitaileta Jumatatu."

Jumatatu zikapita nne. Kila nilipokwenda mikono mitupu, alinitazama kidogo, akauliza, "Huna la kuniambia, mwanangu?" Nikamweleza habari za foleni barabarani. Alifariki tarehe 3 Juni 2023, saa nne asubuhi. Nitasema ukweli: nilipopigiwa simu, kabla ya kulia, nilishusha pumzi. Najionea aibu hadi sasa.

Jana tukipanga viti hivi mlivyokalia, fundi mitambo aliyezifuta kanda zile alinivuta pembeni.

"Dada, mzee alijua tangu wiki ileile. Nilimwambia mimi."

"Mbona hakusema?"

"Alinikataza. Alisema, 'Mwache, atakuja kuniambia mwenyewe.'"

Kumbe kanda hakuwa anaihitaji. Alikuwa ananifungulia mlango, na mimi kwa miaka kumi na mitano nikajifanya hamnazo.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake wa kiume. Haya niliyoyasema hamtayakuta kwenye ratiba mliyoshika; sikuwa na ujasiri wa kuyapeleka kiwandani kuchapwa.

Baba, kanda nilizifuta mimi. Pumzika kwa amani, usinisubiri tena.