Kitambaa cha Mama Mkwe

Kamene alikuwa akifuma kitambaa kwenye basi la kwenda mtaa wa Lucky Summer, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele, ambako bwana mmoja, Andati, alikuwa akimlilia abiria asiyemjua.

"Haki, printa ni mpya na kila picha inatoka na mistari! Nimebadilisha wino, nimebadilisha karatasi, hata pasta ameiombea."

"Ikitoa picha, huwa umeifunika?"

"Kitambaa tu."

Kamene aliafiki kimoyomoyo. Nyumba gani ya heshima huacha mashine uchi?

"Basi ndicho hicho! Picha inatoka na wino mbichi, inajiburuta kwenye kitambaa. Kitoe, ndugu yangu."

"Alikifuma mama mkwe! Na Jumapili anakuja kuchukua picha yake. Akikuta nimekitoa, nitalala kwako?"

"Na akijiona ana mistari kama punda milia?"

"Hapo atailaumu printa, si mimi."

Basi likasimama, wakashuka wangali wakibishana. Kamene akasonya: vijana hawana shukrani. Mkwe wake mwenyewe alikuwa amenunua printa juzi. Akakipima kitambaa mapajani, akaongeza safu nyingine, kiifunike mpaka chini.